Vina, Mizani na Bahari: Kusoma Umbo la Shairi katika Nyanda za Juu za Kigoma

Ushairi wa Kiswahili wa kimapokeo hujengwa kwa sauti zinazohesabika, na kwa sababu hiyo msomaji yeyote mwenye sikio tulivu na subira anaweza kulichambua umbo lake hata kama yeye mwenyewe hajawahi kutunga ubeti mmoja. Katika shule za sekondari za Kasulu na Kibondo, kama ilivyo kwingineko nchini Tanzania, mwanafunzi aliyesoma diwani zilizotumika kwa miaka mingi katika somo la Kiswahili, kama vile Wasakatonge ya Mohamed Seif Khatib au Malenga Wapya, hutakiwa kueleza fani na maudhui ya shairi, ambapo fani ni namna shairi lilivyoundwa na maudhui ni yale linayoyasema. Tatizo huanza pale mambo hayo mawili yanapotenganishwa, mwanafunzi akataja idadi ya mizani, akaorodhesha vina, akalipa shairi jina la bahari yake, kisha akaanza upya kueleza maana kana kwamba hesabu ile haikuihusu. Makala haya yanaeleza zana za uchambuzi wa umbo moja baada ya nyingine, na yanashikilia kwamba kazi ya mhakiki haijakamilika mpaka aonyeshe jinsi umbo linavyoibeba maana.

Sheria zilizoandikwa na mwana wa Ujiji

Wakazi wa nyanda za juu za Kigoma wana sababu ya pekee ya kulijali somo hili. Imezoeleka kuuona ushairi wa arudhi, yaani ushairi unaofuata kanuni za vina na mizani, kuwa mali ya Lamu, Mombasa, Pemba na Tanga, na ni kweli kwamba huko ndiko ulikokomaa kwa karne nyingi. Hata hivyo, kitabu kilichoziweka kanuni hizo katika maandishi kwa ajili ya wasomaji wa Afrika Mashariki nzima, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichochapishwa mwaka 1954, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924. Mshairi huyo, ambaye alikuwa sheikh, baadaye Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na hatimaye waziri katika serikali ya Mwalimu Julius Nyerere hadi alipofariki mwaka 1964, alishikilia kwamba shairi lazima liimbike, na kanuni alizoziandika zilikusudiwa kulinda uimbikaji huo.

Ujiji, bandari ya Ziwa Tanganyika iliyopokea misafara ya biashara kutoka pwani na Unguja katika karne ya 19, ulikuwa mji wa Kiswahili zamani, ilhali katika milima ya Buha, yaani Kasulu, Kibondo na maeneo ya jirani, Kiha kiliendelea kuwa lugha ya nyumbani na Kiswahili kikaingia kwa nguvu zaidi kupitia shule, dini, soko na ofisi za serikali. Msomaji wa nyanda za juu, kwa hiyo, mara nyingi huukabili ushairi wa Kiswahili akiwa na sikio lililolelewa katika lugha nyingine, na jambo hilo, likieleweka vizuri, humsaidia zaidi ya linavyomkwaza. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyeishi kati ya mwaka 1917 na 1969 na aliyeipa ngonjera, yaani shairi la majibizano, nafasi yake katika shule za Tanzania, ni ushahidi mwingine kwamba mtu wa bara aliyejifunza kanuni hizi anaweza kuwafundisha wengine.

Sehemu za ubeti

Ili istilahi zisielee hewani, ubeti ufuatao umetungwa mahsusi kwa ajili ya makala haya, na ndio utakaochambuliwa hatua kwa hatua:

Mvua yaja shambani, ukungu umeinuka,
Mbegu zimo udongoni, mimea inachipuka,
Akina mama njiani, majembe wameyashika,
Jembe halina utani, mvivu ataumbuka.

Kila mstari wa ubeti huitwa mshororo, na ubeti huu una mishororo minne. Kila mshororo umegawanyika mara mbili kwa kituo kidogo kinachoonyeshwa na alama ya mkato, na kila sehemu inayopatikana huitwa kipande: kipande cha kwanza ni ukwapi na cha pili ni utao. Mgawanyiko huo una kazi katika uimbaji, kwa sababu ndipo mwimbaji anapovuta pumzi, na mshairi mzuri huhakikisha kwamba pumzi hiyo haikati neno wala haivunji wazo katikati. Mshororo wa mwisho ukirudiwa katika kila ubeti huitwa kibwagizo au kiitikio, kwa kuwa ndio ambao wasikilizaji wanaweza kuupokea na kuuitikia, na ukibadilika kutoka ubeti hadi ubeti huitwa kimalizio.

Mizani: kinachohesabiwa ni nini?

Mizani ni idadi ya silabi katika kipande au katika mshororo mzima, na silabi ni pigo moja la sauti ambalo katika Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu. Kipande cha kwanza cha ubeti uliotolewa huhesabiwa hivi: m-vu-a-ya-ja-sha-mba-ni, jumla mizani 8, na utao wake huhesabiwa hivi: u-ku-ngu-u-me-i-nu-ka, nao pia mizani 8. Mishororo mingine mitatu inafuata hesabu hiyo hiyo, kwa hiyo kila mshororo una mizani 16, kipimo ambacho ndicho kilichozoeleka zaidi katika mashairi ya kimapokeo ya mishororo minne.

Hesabu hii ina mitego miwili ambayo mchambuzi anapaswa kuijua. Mtego wa kwanza ni wa sauti za puani, m na n. Katika neno mvua, herufi m inasimama peke yake kama silabi, na hali ni hiyo hiyo katika mvivu, mtu na mkoa, ilhali katika mbegu na jembe sauti m imeungana na b na kuwa silabi moja na irabu inayofuata, ndiyo maana mbegu ina mizani 2 na mvivu ina mizani 3. Maneno mafupi kama mbwa, nchi na nta huwa na mizani 2 kila moja, kwa sababu katika maneno ya namna hiyo sauti ya puani huchukua pigo lake yenyewe. Mtego wa pili ni wa irabu zinazofuatana: kaa ni mizani 2, njaa ni mizani 2, na ataumbuka ni mizani 5, kwa kuwa kila irabu huhesabiwa hata kama msemaji wa haraka huziunganisha.

Hapo ndipo sikio la mzungumzaji wa Kiha linapopata faida na pia linapohitaji tahadhari. Kiha, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, hutofautisha irabu fupi na irabu ndefu, na hutumia toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kutenganisha maana za maneno. Mtu aliyekulia katika lugha hiyo husikia urefu wa irabu kwa urahisi, na kwa hiyo hawezi kuisahau irabu ya pili ya njaa au kaa. Kwa upande mwingine, katika lugha za kundi hilo irabu inayotangulia sauti kama mb au nd mara nyingi hurefuka yenyewe, na msomaji aliyeizoea tabia hiyo anaweza kuuvuta mwanzo wa neno shamba na kudhani kwamba limebeba mizani 3, ilhali katika Kiswahili ni sha-mba, mizani 2 tu.

Tofauti hiyo inafungua mlango wa kuelewa kwamba kila ushairi huchagua kipimo kinachofaa lugha yake. Mwanazuoni wa Rwanda Alexis Kagame, aliyeishi kati ya mwaka 1912 na 1981, alionyesha kwamba katika ushairi wa kale wa kusifu ng'ombe kipimo hutegemea urefu wa irabu, ambapo irabu fupi huhesabiwa mara moja na irabu ndefu mara mbili. Arudhi ya Kiarabu, iliyoratibiwa na al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi katika karne ya 8, nayo hupanga silabi fupi na ndefu katika mifumo maalumu, na ushairi wa Kiingereza wa jadi hupanga silabi zenye mkazo na zisizo na mkazo. Washairi wa Kiswahili waliipokea istilahi ya arudhi na majina mengi kutoka kwa Waarabu, lakini hawakuuchukua mfumo wa urefu. Badala yake walihesabu silabi, wakiipa kila moja uzito ulio sawa.

Idadi peke yake, hata hivyo, haielezi kwa nini mshororo hupendeza sikioni. Katika Kiswahili mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila kipande cha mizani 8 kinachomalizikia na neno la kawaida hupata mkazo katika mizani ya 7 na kutulia katika mizani ya 8: shaMBAni, umeiNUka, udoNGOni, inachiPUka. Hesabu sawa ya silabi na mahali pamoja pa mkazo ndivyo vinavyozaa mapigo ambayo mwimbaji huyasikia hata kabla ya kuyahesabu, na ndiyo maana mshororo uliozidi au kupungua mizani moja, kosa ambalo wahakiki huliita guni, hutambulika haraka zaidi unapoghaniwa kuliko unaposomwa kimya.

Vina: mwisho unaofanana na kazi yake

Kina ni silabi inayofanana mwishoni mwa vipande vya mishororo mbalimbali, na wingi wake ni vina. Katika ubeti uliotolewa kina cha kati, yaani cha mwisho wa ukwapi, ni -ni, na kina cha mwisho ni -ka. Kanuni inataka silabi nzima ifanane, konsonanti na irabu pamoja, kwa hiyo -ka haitoshelezwi na -ta wala -mba haitoshelezwi na -ba. Kwa wanafunzi wa Kasulu na Kibondo wanaoishi jirani na wazungumzaji wa Kirundi, inafaa kukumbuka kwamba katika Kirundi sauti l na r hazitenganishi maana, ilhali katika vina vya Kiswahili -la na -ra ni silabi mbili tofauti.

Mchambuzi asiishie kutaja kwamba vina vipo, kwa sababu vina havina thamani sawa. Kiambishi cha mahali -ni kinaweza kupachikwa katika karibu kila nomino, na kwa hiyo mshairi anayekitegemea katika kila mshororo amejichagulia njia rahisi. Mtu akiutazama tena ubeti ataona kwamba shambani, udongoni na njiani ni maneno ya mahali, yote yamepata -ni yake kwa kiambishi, lakini utani si la mahali na silabi yake ya mwisho ni sehemu ya neno lenyewe. Mishororo mitatu ya kwanza, kwa hiyo, inamwonyesha msikilizaji mahali, na wa nne, kwa kina hicho hicho, unamhamisha kutoka kutazama na kumwingiza katika kuhukumu.

Vina vya mwisho vinasema zaidi. Maneno umeinuka, inachipuka na ataumbuka yanafanana kwa -uka nzima, zaidi ya kanuni inavyodai, na wameyashika pekee linabaki na -ika. Ukungu huinuka na mimea huchipuka bila kusukumwa na mtu, na kuumbuka kwa mvivu nako kunaelezwa kama jambo litakalotokea lenyewe. Ni katika mshororo wa tatu tu ambapo binadamu anatenda kwa mikono yake, na hapo ndipo sauti inapopotoka kidogo. Zaidi ya hayo, vitenzi viwili vya kwanza vya -uka vinaeleza kupanda juu, na cha mwisho kinaeleza kushuka kwa heshima, hivyo kwamba sauti moja imebeba kuinuka kwa shamba na aibu ya mwenye shamba aliyelala. Uchunguzi wa namna hii ndio unaoyageuza majina ya vina kuwa hoja za uhakiki.

Bahari: jina linalotegemea pembe ya kutazamia

Bahari ni aina ya shairi kulingana na umbo lake, na wanafunzi wengi huchanganyikiwa kwa sababu shairi moja huweza kuwa na majina kadhaa bila kuwepo kosa lolote. Kwa kuhesabu mishororo ya ubeti, shairi la mishororo miwili huitwa tathnia, la mitatu tathlitha, la minne tarbia, la mitano takhmisa na la sita tasdisa. Kwa kuhesabu vipande, shairi lenye vipande viwili katika mshororo huitwa mathnawi na lenye vitatu huitwa ukawafi. Kwa kufuatilia vina kutoka ubeti mmoja hadi mwingine, shairi linalodumisha vina vyote huitwa mtiririko, linalodumisha vina vya upande mmoja na kubadili vya upande mwingine huitwa ukara, na linalobadili vina katika kila ubeti huitwa ukaraguni. Yapo pia majina yanayotokana na mpangilio wa maneno: kikwamba huanza beti kwa neno moja linalorudiwa, pindu huanza ubeti mpya kwa maneno yaliyofunga ubeti uliotangulia, na msuko hukifupisha kibwagizo kuliko mishororo mingine.

Utenzi una utaratibu wake. Kwa kawaida kila ubeti una vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya kwanza vikishirikiana kina kimoja, na cha nne kikibeba kina kinachodumu tangu mwanzo hadi mwisho wa utungo, hata kama utungo huo una mamia au maelfu ya beti. Umbo hilo fupi na lenye mwendo limefaa kusimulia habari ndefu za vita, dini na historia, na bado liliendelea kutumika baada ya uhuru, kama ilivyokuwa kwa Henry Muhanika alipotunga utenzi kuhusu Vita vya Kagera.

Ubeti wa makala haya unaweza kuitwa tarbia kwa mishororo yake na mathnawi kwa vipande vyake, lakini mchambuzi mwaminifu atakomea hapo. Ubeti mmoja haumwezeshi mtu kusema kama shairi zima ni mtiririko, ukara au ukaraguni, wala kama mshororo wa nne ni kibwagizo au kimalizio, kwa kuwa mambo hayo hujulikana kwa kulinganisha beti. Uchambuzi hudai ushahidi, na jina la bahari linalotolewa bila ushahidi ni kubahatisha.

Pale kanuni inapompinda mshairi

Kwa kuwa maneno ya kila siku hayakuumbwa kwa kipimo cha mizani, mshairi hupewa ruhusa ya kuyarekebisha, na ruhusa hiyo huitwa uhuru wa mshairi. Kulifupisha neno huitwa inkisari, kama vile aliyekuja, lenye mizani 5, linapokuwa alokuja, lenye mizani 4. Kulirefusha huitwa mazda, kama vile enda inapokuwa enenda. Kubadili sauti ya neno ili kina kipatikane, bila kubadili idadi ya mizani, huitwa tabdila, na kugeuza mpangilio wa kawaida wa maneno, kama vile kusema wangu watoto badala ya watoto wangu, huitwa kufinyanga sarufi.

Mhakiki anapaswa kuzibainisha mbinu hizi na pia kuzipima. Swali linalofaa ni kama neno lililofupishwa au kugeuzwa limeongeza nguvu ya mshororo, kwa mfano kwa kulipeleka neno zito mwishoni ambako sikio hulishika, au kama limeingizwa kuziba pengo la hesabu tu. Katika ubeti uliotolewa, yaja limetumika badala ya inakuja, na ufupisho huo unaokoa mizani mbili, lakini pia unaipa mvua mwendo wa haraka unaolingana na jambo linalosimuliwa.

Mashairi yasiyofuata arudhi

Katika miaka ya 1970 washairi wa bara, hasa kutoka ukanda wa Ziwa Victoria, walianza kutunga bila kufungwa na vina na mizani. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walichapisha Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, na Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe akachapisha Kichomi mwaka 1974, jambo lililozua mjadala mkali kati ya wanamapokeo, walioona kwamba kisicho na vina na mizani si shairi, na wanamabadiliko, walioona kwamba wazo na hisia huweza kujitafutia umbo lake.

Mchambuzi akikutana na shairi huru hapaswi kuandika kwamba halina umbo kisha akaendelea. Anapaswa kuuliza ni kwa nini mstari umekatwa pale ulipokatwa, ni maneno gani yamerudiwa na baada ya nafasi gani, ni mistari ipi imefanywa mifupi ghafla, na kama kuna kina kinachojitokeza mara moja tu mahali ambapo hakikutarajiwa. Mtu aliyejifunza kwanza kusikia mizani 8 atausikia ukosefu wake kwa ukali zaidi, na kwa hiyo kuzijua kanuni za Kaluta Amri Abedi ni maandalizi ya kuwaelewa hata wale waliozikataa.

Utaratibu wa kuchambua

Kutokana na yote yaliyoelezwa, mwalimu anayeandaliwa katika vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga anaweza kuwaongoza wanafunzi wake kwa utaratibu ulio wazi. Shairi lighaniwe kwa sauti kabla ya kuhesabiwa chochote, ili sikio ligundue mapigo na pia mahali yanapokwama. Kisha zihesabiwe beti, mishororo, vipande na mizani, vikaguliwe vina vya kati na vya mwisho katika beti zote, na jina la bahari litolewe pamoja na kigezo chake. Baada ya hapo ndipo kazi kubwa inapoanza, ambayo ni kutafuta mahali ambapo shairi limefanya zaidi au pungufu ya kanuni: kina kilichopanuka, kibwagizo kilichobadilika neno moja, nafsi au wakati wa kitenzi uliogeuka, mshororo uliogoma kufuata wenzake.

Mahali hapo, palipo nje kidogo ya utaratibu ambao shairi limeuweka lenyewe, ndipo mshairi mahiri huiweka hoja yake, kwa kuwa anajua kwamba sikio lililozoeshwa mapigo yaliyo sawa litashtuka likiguswa na tofauti. Mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo anayeandika kwamba kila mshororo una mizani 16 amesema jambo la kweli. Anayeongeza kwamba mshororo wa tatu umeacha -uka ya wenzake kwa sababu ndio unaomtaja mtu anayetenda amekwisha kuwa mhakiki, na hilo linawezekana kwa kila anayekubali kughani, kuhesabu na kuuliza sababu.